Mafundisho ya watu wazima kigangoni, upande wa Uyole: nenda, hata kama hujaamua kuhamia

Wenzangu wa sokoni wananiuliza sana kama mafundisho ya Kikatoliki ya watu wazima yana faida kwa mtu aliyekulia kanisa jingine. Yanayo, tena kubwa. Mimi ni mtoto wa Rungwe, ambako wamisionari wa Moraviani walifika mwaka 1891, na ukoo wetu mzima ni wa kanisa hilo. Nimeolewa na Mkatoliki, nauza viazi hapa Uyole, Mbeya, na nimesoma katika kigango kimoja cha huku, yaani tawi dogo la parokia, kuanzia baridi ya Juni mpaka nikapokelewa Mkesha wa Pasaka.

Ada hakuna. Unakwenda na barua ya mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya mtaani kwako, yaani familia chache za Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, na kama ulishabatizwa kwingine unabeba cheti cha ubatizo. Anayefundisha ni katekista, baba mtu mzima, mpole, asiyechoka kuulizwa. Akiingia anasema "Tumsifu Yesu Kristo", na sisi tuliozoea "Bwana Yesu asifiwe" tukazoea kumjibu "Milele na milele, amina". Padre huja mara chache, hasa mkikaribia sakramenti.

Kilichonikalisha pale ni mpangilio. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ile iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1992, ina sehemu nne: imani tunayoikiri, sakramenti, maisha ya Mkristo pamoja na Amri Kumi, na sala. Mwalimu anaifuata njia hiyo hiyo, na msingi wake ni Nasadiki, yaani sala ya kuikiri imani, anayoifuata neno kwa neno. Mtu akirukia habari ya Papa siku ya kwanza, anamwambia, "Subiri, baba, tutafika penye Kanisa takatifu Katoliki." Akiuliza kwa nini Wakatoliki wanawaombea marehemu, anaambiwa angoje ushirika wa watakatifu. Mwanzoni baadhi yetu tulinung'unika. Lakini tulipofika huko, kila jibu lilikuwa limeshikamana na lililotangulia, na mimi niliyeikiri Imani ya Mitume tangu utoto nikaona ni mara ya kwanza nasimamishwa penye kila neno.

Somo la Utatu Mtakatifu ndilo nililolipenda kuliko yote. Kijana mmoja wa bodaboda alitaka kulirahisisha: maji, barafu na mvuke, kitu kimoja sura tatu. Mwalimu akamsifu kwa kufikiri, kisha akakataa. Alisema mfano huo unamfanya Mungu awe mmoja anayejibadilisha, leo Baba, kesho Mwana, wakati Kanisa linafundisha Nafsi tatu zilizopo pamoja milele, Mungu mmoja. Akatufungulisha Mathayo sura ya tatu, Yesu anabatizwa Yordani: Mwana yumo majini, Roho anashuka kama njiwa, sauti ya Baba inasikika kutoka mbinguni, wote kwa wakati mmoja. Akaongeza kwamba maaskofu walikutana Nikea mwaka 325 kwa sababu ya Ario, padre wa Aleksandria aliyefundisha kwamba Mwana aliumbwa. Ndipo nikaelewa kwa nini Nasadiki ndefu ya Dominika inakazia kwamba Mwana amezaliwa, hakuumbwa. Watu waligombana kwa ajili ya maneno hayo, na walikuwa na sababu: kama aliyekufa msalabani ni kiumbe tu, basi si Mungu mwenyewe aliyekuja kutuokoa.

Ekaristi nayo alitufundisha kwa namna ambayo sitaisahau. Alileta hostia ambazo hazijawekwa wakfu, akatupa tuzishike. Ni nyeupe, nyembamba, zina alama ya msalaba katikati, zinavunjika kwa mlio mdogo. "Huu ni unga wa ngano na maji," akasema, "hakuna kingine, na mkiuangusha sasa mmeangusha mkate." Halafu akatupeleka kanisani, akatuonyesha tabernakulo, kisanduku kinamohifadhiwa Ekaristi, na taa inayowaka pembeni yake, akapiga goti yeye mwenyewe kabla hajasema lolote. Akaeleza kwamba katika Misa, padre anaposema maneno ya Yesu, "Huu ndio mwili wangu", Kanisa linasadiki kwamba mkate unakuwa kweli Mwili wa Kristo na divai inakuwa Damu yake, ingawa kwa macho na ulimi hubaki vile vile. Kwetu Rungwe Meza ya Bwana inaheshimiwa sana, na sina neno baya juu yake. Lakini nilipousoma Yohane sura ya sita pale pale kwenye benchi, mahali ambapo wengi walimwacha Yesu kwa sababu ya neno lake la kuula mwili wake na kuinywa damu yake, na yeye hakuwaita awaambie walimwelewa vibaya, nilinyamaza muda mrefu.

Kuhusu Bikira Maria alikwenda moja kwa moja. Anayeabudiwa ni Mungu peke yake. Maria anaheshimiwa na kuombwa atuombee, kama unavyomwomba mwanajumuiya mwenzako akuombee ukiwa mgonjwa. Nusu ya kwanza ya sala ya Salamu Maria imetoka Luka sura ya kwanza, maneno ya malaika na ya Elizabeti, na ile ya pili ni ombi tupu: utuombee sisi wakosefu, sasa na saa ya kufa kwetu.

Mengine yalipita haraka, na mengine yalistahili kupita haraka. Sakramenti saba tulizikariri: Ubatizo, Kipaimara, Ekaristi, Kitubio, Mpako wa Wagonjwa, Daraja na Ndoa. Biblia ya Kikatoliki ina vitabu 73, saba zaidi ya ile niliyokulia, na vyote hivyo saba ni vya Agano la Kale, kama Tobiti na Hekima. Papa ni mwenye dhambi kama sisi naye huungama. Kutokukosea kwake kunahusu pale tu anapotangaza rasmi, kama mchungaji wa Kanisa zima, fundisho la imani au la maadili. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 1950, kuhusu Maria kupalizwa mbinguni.

Kina mama tulikuwa na wasiwasi mmoja juu ya Kitubio, yaani kuungama dhambi kwa padre, na tuliusema wazi: padre akisikia, mtaa mzima hautajua? Mwalimu alijibu kwa uzito. Padre hawezi kuitoa siri hiyo kwa mke wa mtu, kwa askofu, wala mahakamani, na akiivunja makusudi anajitenga na Kanisa kwa tendo hilo lenyewe. Baada ya hapo hakuna aliyeuliza tena.

Sasa mapungufu, maana yapo. Jumamosi yenye msiba katekista ndiye anayeongoza sala za mazishi, kwa hiyo mnamngoja, na mwezi Julai kungoja kwenye darasa la chekechea lenye madirisha wazi si jambo dogo kwa wazee. Parokia ingempa msaidizi. Karatasi za maswali na majibu zimetolewa fotokopi juu ya fotokopi mpaka herufi zimefifia. Na kinachoniuma zaidi, Amri Kumi na somo la Ndoa vilibanwa mwishoni wakati wa Kwaresima. Mule darasani walikuwamo watu wanaoishi pamoja miaka bila ndoa, wengine walioachwa na waume, na maswali yao yalihitaji muda ule ule aliopewa Ario. Haifai mtu ajue vizuri mabishano ya Nikea halafu asijue nyumba yake imesimama wapi.

Lililonigusa mimi binafsi ni ubatizo wangu. Mama yangu aliogopa kwamba nitabatizwa upya, kana kwamba ule wa kwanza ulikuwa bure. Mwalimu alikiangalia cheti, akauliza kama nilibatizwa kwa maji, kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Nikasema ndiyo. "Basi, mama, umebatizwa. Ubatizo ni mmoja, haurudiwi." Nilikiri imani mbele ya waamini, nikapokea Kipaimara na Ekaristi, na mama yangu alikuwapo, amekaa benchi la mbele na kitenge chake kipya.

Anayetaka kuanza aende kwa mwenyekiti wa jumuiya yake sasa, kabla darasa jipya halijafunguliwa, maana wakishavuka Utatu ni vigumu kuwafikia. Beba daftari la kurasa nyingi na Biblia yenye vitabu vyote 73. Na vaa sweta.