Projekta ya baba mkubwa imewaka tena: uzoefu wangu na fundi wa Chikongola

Baba mkubwa alikuwa baharia. Alipostaafu alirudi Mikindani na projekta ya filamu za Super 8 (filamu nyembamba za milimita 8 za kurekodi nyumbani) pamoja na rili 11, yaani magurudumu ya filamu, ndani ya bati la biskuti. Tangu afariki, ilikaa juu ya kabati, na pale kwetu upepo wa chumvi unaingia hadi chumbani.

Nikaipeleka kwa fundi mmoja Chikongola, Mtwara mjini, kazi yake hasa ni cherehani na redio. Nilitaka aichomeke palepale nione. Akanizuia: "Ngoja dada, kitu kilicholala miaka yote hii hakiamshwi kwa umeme." Akatazama kwanza swichi ya volti. Ilikuwa imewekwa 110, na umeme wetu ni 230! Ningeichomeka mwenyewe nyumbani, ningeunguza taa na mota kwa pamoja. Hapo nikamwamini.

Alipofungua, mkanda wa mota ulikuwa umeyeyuka ukawa uji mweusi kama lami. Alikaa saa nzima akiufuta kwa spiriti na pamba. Mkanda nilioagiza mtandaoni ulikuja mrefu mno, ukateleza kwenye puli, na pesa sikurudishiwa. Fundi akazungusha uzi kwenye puli, akapima, akatafuta oringi (pete) ya mpira fupi kidogo kuliko uzi ili ikaze. Inavuta vizuri mpaka leo.

Grisi ya zamani ilikuwa imeganda kama nta, ndiyo maana mota iliunguruma bila kuzunguka. Akaikwangua, akaweka tone mojamoja la oili ya cherehani kwenye ekseli tu. Mahali filamu inapopita mbele ya taa alisafisha kwa kijiti cha mbao, kwa sababu chuma kikiacha mkwaruzo pale, kila filamu itakayopita itakwaruzika mstari huohuo.

Lawama yangu ni moja, nayo imeniuma. Aliijaribu kwa rili yetu ya harusi, picha za mwanzo zikaungua. Mkipeleka yenu, bebeni kipande cha filamu msichokihitaji.

Na nuseni filamu kabla. Rili zetu mbili zilinuka siki: plastiki yake inaoza kwa joto na unyevu, na mvuke wake unaharibu nyingine. Nimezitenga, sizipitishi kwenye mashine.

Usiku tulitundika shuka ukutani. Rili ya futi 50, kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde, inakwisha kwa dakika tatu na sekunde 20. Baba mkubwa haonekani popote, maana kamera alishika yeye, ila kivuli chake kinapita mchangani. Mama mkubwa alikitambua kabla yetu sote.

Nimelipa elfu 60. Lenzi bado ina ukungu pembeni, nitairudisha kwake, safari hii bila filamu ndani.