Anime na Muda wa Mtazamaji: Uzoefu Wangu na Mifululizo ya Aina Mbalimbali

Anayeuliza aanze na anime ipi, yaani katuni za Kijapani, kwa kawaida hutajiwa majina matano au sita, na mengi huwa ni ya mapigano. Mimi nimetazama mifululizo ya Kijapani kwa miaka mingi, ikiwemo ya mapigano, ya upelelezi, ya michezo, ya mapenzi na ile isiyokubali kuwekwa kundi lolote, na kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni namna mfululizo unavyotumia muda wa anayeutazama. Kwa sisi tunaonunua bando, muda huo una bei inayojulikana, na mfululizo wenye sehemu 60 unapaswa kuonyesha kwa nini sehemu 30 zisingetosha. Yote ninayoitaja hapa nimeitazama kwa sauti za Kijapani na maandishi ya Kiingereza chini ya picha.

Naanza na Fullmetal Alchemist, kwa sababu hadithi hiyo moja ilitengenezwa mara mbili na studio ileile ya Bones, na kwa hiyo inatoa nafasi adimu ya kulinganisha. Edward na Alphonse Elric, ndugu wawili wadogo, wanajaribu kumfufua mama yao kwa elimu ya kubadili maada, jambo lililo mwiko, na wanalipa kwa miili yao: Edward anapoteza mguu na kisha mkono, na mdogo wake anapoteza mwili mzima, roho yake ikabaki ndani ya deraya la chuma. Mfululizo wa kwanza ulianza mwaka 2003 na una sehemu 51. Wakati huo Hiromu Arakawa, mtunzi wa manga yenyewe, yaani hadithi ya picha iliyochapishwa, alikuwa hajaimaliza, hivyo watengenezaji walijitungia mwisho wao. Wa pili, unaojulikana kama Brotherhood, ulirushwa kati ya 2009 na 2010, una sehemu 64, na unaifuata manga hadi tamati.

Wapenzi wengi wa anime hupendekeza Brotherhood peke yake, nami nakubaliana nao kwa sehemu kubwa, kwani kila fundo linalofungwa mapema hufunguliwa baadaye, na hata askari wa pembeni hupewa kazi yenye maana katika mapambano ya mwisho. Hata hivyo, mwanzo wake una haraka inayoonekana wazi, kana kwamba watengenezaji walichukulia kuwa mtazamaji ameshauona ule wa kwanza. Yupo afisa mmoja wa jeshi, baba mcheshi asiyechoka kuwaonyesha wenzake picha za binti yake, ambaye anauawa. Brotherhood inafika kwenye kifo hicho katika sehemu ya 10, ilhali ule wa 2003 unasubiri hadi sehemu ya 25, na kwa kusubiri huko unamfanya awe kama jirani tuliyezoea kumwona kila jioni. Kifo kilekile, kwenye mazishi yaleyale, na mtoto yuleyule akiuliza kwa nini wanamfukia baba yake, kiliniumiza mara moja tu kati ya hizo mbili. Ushauri wangu ni kutazama nusu ya kwanza ya mfululizo wa 2003, kisha kuhamia Brotherhood kuanzia mwanzo. Najua ni ushauri wa gharama.

Naruto inaonyesha kinachotokea muda unapotumika vibaya. Mfululizo wa kwanza una sehemu 220, zilizorushwa kati ya 2002 na 2007, na mwendelezo wake, Shippuden, unaongeza 500 nyingine hadi mwaka 2017. Kipindi kilirushwa kila wiki huku manga nayo ikichapishwa kila wiki, na kwa kuwa televisheni humeza kurasa haraka kuliko mkono wa mtunzi unavyozichora, kipindi kilipokaribia kumfikia, watengenezaji walibuni visa vya kujazia. Baada ya sehemu ya 135 ya mfululizo wa kwanza, karibu kila kinachofuata ni cha namna hiyo, na mtazamaji anaweza kutoka hapo kwenda moja kwa moja Shippuden bila kupotewa na jambo la maana. Sehemu zilizotangulia, hasa safari ya mwanzo na mpiganaji Zabuza na kijana Haku, bado naziona kuwa miongoni mwa hadithi bora za mapigano, na inasikitisha kwamba wengi wameichoka Naruto kwa sababu ya visa ambavyo mtunzi wake hakuviandika.

Kinyume chake ni Monster ya studio ya Madhouse, iliyorushwa mwaka 2004 na 2005 kutoka katika manga ya Naoki Urasawa. Ina sehemu 74, hakuna uchawi, hakuna nguvu za ajabu, na mandhari yake ni Ujerumani. Daktari Kenzo Tenma, Mjapani aliye bingwa wa upasuaji wa ubongo mjini Düsseldorf, anaagizwa na wakubwa wake aache kumpasua mtoto aliyepigwa risasi ili amhudumie meya. Anakaidi, mtoto anapona, na baada ya miaka kadhaa Tenma anagundua kuwa aliyemwokoa, Johan, ni muuaji. Swali la iwapo daktari anaweza kuitoa tena roho aliyoiokoa linabebwa hadi mwisho bila kurahisishwa. Mfululizo huu ni wa polepole, nami sitaficha kwamba katikati kuna mahali unatangatanga, ukimwacha Tenma kwa sehemu nzima ili kufuata maisha ya mtu ambaye hatutamwona tena. Lakini watu hao wa kupita ndio wanaoipa hofu yake uzito, kwa sababu kila anayekutana na Johan tumeshajua anacho nini cha kupoteza. Na Inspekta Lunge, mpelelezi anayechezesha vidole hewani kana kwamba anachapa kumbukumbu zake kwenye kompyuta iliyomo kichwani, ni mmoja wa wahusika waliobuniwa kwa ustadi mkubwa katika anime yoyote niliyoiona. Haifai kwa watoto, na mzazi asidanganywe na neno katuni.

Mushishi, ya mwaka 2005, inapendwa na wachache na ningependa ipate watazamaji zaidi. Ginko, mtu mwenye nywele nyeupe na jicho moja la kijani, anazunguka vijijini akiwatibu watu walioguswa na mushi, viumbe wa asili kabisa ambao wengi hawawaoni. Mushi si mashetani, hawana nia mbaya. Wanaishi tu, na kuishi kwao kunagongana na kuishi kwetu. Kila sehemu inajitegemea, kwa hiyo mtu anaweza kutazama moja kwa wiki bila kusahau chochote, na mimi nadhani hivyo ndivyo inavyostahili, maana ukizitazama nne mfululizo ukimya wake unaanza kuchosha. Atakayetaka kuonja kabla ya kuamua atafute sehemu ya 20, yenye msichana anayefunga mushi kwa kuandika visa vyao kwenye karatasi. Muziki wake hubadilika mwishoni mwa kila sehemu kulingana na kisa, jambo dogo lililonishinda kulipuuza.

Kwa upande wa michezo, sipati wa kushindana na Haikyuu!!, inayohusu mpira wa wavu wa shule za sekondari. Msimu wake wa tatu, wa mwaka 2016, una sehemu 10, na zote ni mechi moja. Ukisikia hivyo utadhani ni kujazia, lakini kila sehemu inafundisha jambo la uwanjani: mpigaji wa timu pinzani, Ushijima, anatumia mkono wa kushoto, hivyo mpira wake unazunguka kinyume na ule waliouzoea wapokeaji, na tunaonyeshwa mpokeaji mmoja akijifunza kuusoma, pointi kwa pointi. Sikuwahi kuujali mchezo huo hapo kabla.

Cowboy Bebop ya 1998 wameisifu wengi. Muziki wa Yoko Kanno unastahili kila sifa, na sehemu 26 ni kadiri yake hasa. Toradora! ni hadithi ya mapenzi ya shuleni yenye mwanzo wa kelele na nusu ya pili nzuri sana. Kuhusu vichekesho siwezi kusema mengi, kwa kuwa sehemu kubwa ya utani wa maneno hupotea katika tafsiri. Nichijou iliniwezesha kucheka kwa sababu utani wake mwingi ni wa mwili, kama yule mwalimu mkuu anayepigana mieleka na mnyama paa.

Nimeiacha mwisho Frieren, iliyoanza kurushwa Septemba 2023, kwa kuwa yenyewe inazungumzia muda. Inaanza pale ambapo hadithi nyingine za uchawi huishia: mfalme wa mashetani ameshaangamizwa baada ya safari ya miaka 10, na mashujaa wanarudi nyumbani. Frieren, mmoja wa mashujaa hao, ni wa jamii inayoishi zaidi ya miaka 1,000, na kwake miaka 10 ni kufumba na kufumbua. Anaporudi baada ya miaka 50, Himmel, kiongozi wa msafara wao, ni mzee, na muda mfupi baadaye Frieren anamzika na kulia kwa kuwa hakujitahidi kumjua. Kuanzia hapo anasafiri na binti aitwaye Fern, na kila mji wanaoupita unamrudishia kumbukumbu ambayo wakati wake hakuithamini. Nusu ya pili ya msimu wa kwanza inaingia kwenye mtihani wa wachawi, na hapo mfululizo unaazima mtindo wa mashindano tulioukuta kwingi. Wahusika wapya ni wengi na ule utulivu unapungua. Sehemu nne za kwanza zilirushwa pamoja usiku mmoja kama filamu ya saa mbili, na nashauri zitazamwe hivyohivyo, kwa mkupuo.