Tembe la Kihehe jirani na Kalenga: paa zima, ukuta unaumwa

Wengi wakitoka Iringa mjini kwenda Kalenga huona fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, kisha hugeuza gari. Wasogee mbele kidogo: kuna tembe la zamani ambalo ukoo mmoja umelihifadhi, na linastahili saa nzima.

Tembe si msonge. Ni nyumba ndefu ya pembe nne, paa lake karibu tambarare na limefunikwa udongo. Ingia, tazama juu. Nguzo zenye panda zimebeba boriti. Juu ya boriti fito zimebanana hata kidole hakipiti, kisha nyasi kavu, kisha udongo ulioshindiliwa, unene wa shibiri hivi. Mita moja ya mraba ya udongo huo hupita kilo 200 ukiwa mkavu, ukilowa ndiyo usiseme. Mzigo wote uko kwenye nguzo. Ukuta umekandikwa tu kuziba upepo.

Mafundi waliokarabati paa wanastahili pongezi. Hawakurundika udongo mpya juu ya wa zamani, kosa linaloua matembe mengi: kila likivuja mtu anaongeza karai mbili, mpaka boriti inakatika. Hawa walikwangua tabaka lililochoka, wakaziba nyufa kwa udongo uleule uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, wakaacha mteremko mdogo kwenda nyuma. Na hawakutandika naironi.

Ubovu uko chini. Ukuta wote umepigwa lipu ya saruji mpaka usawa wa goti. Unyevu unaopanda kutoka ardhini haupati pa kutokea, udongo unalegea nyuma ya lipu, na miguu ya nguzo inaoza pasipo kuonekana. Gonga kwa kidole kando ya mlango, utasikia utupu. Mchwa nao wamepata njia ya kujificha. Saruji hiyo ibanduliwe yote, ukuta usiribwe kwa udongo wa kichuguu, mavi ya ng'ombe na majivu, na kazi irudiwe kila mwaka mvua zikiisha, Mei au Juni. Udongo upimwe kwanza: finyanga kidonge, kiache kivulini siku mbili. Kikipasuka, ongeza mchanga. Kikimomonyoka mkononi, ongeza udongo wa mfinyanzi.

La pili ni moto. Mafiga yapo, yamefagiliwa safi, hayana hata jivu, na hilo linasikitisha. Fito za zamani upande wa jiko bado nyeusi, zinang'aa kwa masizi, ngumu kama chuma. Zile mpya za chumba cha pili, za milingoti (mikaratusi) iliyowekwa mibichi, zimeshapinda, na chini yake sakafuni kuna unga wa wadudu wanaotoboa miti. Kuni ziwashwe humo mara kwa mara, wageni wawepo wasiwepo: moshi ndio unaokausha miti na kufukuza wadudu.

Nenda na tochi, maana madirisha ni vitundu tu, na inama mlangoni. Juu ya paa usipande hata kwa picha moja: unyayo ukididimia, maji ya mvua hutuama hapohapo na kuanza kupenya.