Tathmini ya mafunzo ya mawasiliano wakati wa taharuki kwa watetezi wa watoto wanaokinzana na sheria

Mafunzo ninayoyatathmini hapa hutolewa jijini Dar es Salaam na kampuni ya ushauri wa mawasiliano, na yamelengwa kwa maafisa wa asasi za kiraia, mawakili wa msaada wa kisheria na wasemaji wa mitandao inayodai marekebisho ya haki jinai kwa watoto. Kampuni sitaitaja, kwa kuwa mengi ya ninayoyasema yanahusu aina hii ya mafunzo kwa ujumla. Niliyahudhuria kama mtu ambaye kazi yake inamlazimu kusimama mbele ya wanahabari pale ambapo umma umekasirika, na nimeyapima kwa swali moja: je, yanamlinda mtoto aliyeko mikononi mwa polisi usiku ule ambao hakuna anayetaka kusikia neno la kumtetea?

Anayeishi Dar es Salaam hahitaji kuelezwa kwa nini swali hili ni zito. Mwanzoni mwa Januari 2015 uvumi kuhusu kundi la vijana wahalifu liitwalo Panya Road ulisambaa kwa simu kutoka mtaa hadi mtaa, maduka yakafungwa mapema na watu wakakimbilia majumbani, wengi wao bila kuwa wameona chochote kwa macho yao. Mwaka 2022 hofu ileile ilirudi, safari hii baada ya uvamizi wa kweli uliojeruhi na kuua watu, na miito ya kuwamaliza vijana hao bila kuwafikisha mahakamani ikasikika waziwazi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza mtoto kuhukumiwa kifungo gerezani, inataka kesi yake isikilizwe faragha huku afisa ustawi wa jamii akiwepo, na Kanuni ya Adhabu inasema kwamba aliye chini ya miaka kumi hawezi kuwajibika kijinai. Saa ambazo mtaa una hofu ndizo saa ambazo masharti haya huonekana kama upendeleo kwa wahalifu, na mtetezi asiyejua la kusema huweza kuyadhuru zaidi kuliko anayeyapinga.

Sehemu bora kabisa ya mafunzo ni ile ya taarifa ya kwanza. Mwezeshaji, ambaye amewahi kufanya kazi katika chumba cha habari, alitutaka tuandike taarifa fupi kuhusu uvamizi wa kubuni ambamo watuhumiwa wawili ni watoto, kisha akazisoma zote kwa sauti mbele ya darasa. Karibu kila taarifa ilianza na haki za mtuhumiwa. Alituuliza mama wa aliyejeruhiwa angefanya nini akiisikia redioni, na baada ya hapo hakuhitaji kueleza zaidi. Utaratibu aliotufundisha ni mgumu kuushika kuliko unavyosikika: mtetezi huanza na walioumia, kwa maneno yake mwenyewe na si kwa salamu za rambirambi za kunakili, husema lililothibitishwa tu, harudii tuhuma ili kuikanusha, kwa sababu msikilizaji hubaki na tuhuma na kuusahau ukanusho, na ndipo aeleze kwa nini kumfikisha mtoto mahakamani kwa utaratibu wake ndiko kunakomwezesha aliyeumizwa kupata ukweli. Nimesoma miongozo mingi ya mawasiliano, na sikumbuki hata mmoja unaomweka aliyeumizwa mbele kwa msimamo thabiti namna hii. Kwa somo hili pekee ada ina haki yake.

Mifano ya nje nayo ilichaguliwa kwa akili. Mwaka 1993 wavulana wawili wa miaka kumi walimuua mtoto wa miaka miwili huko Liverpool, Uingereza. Walishtakiwa katika mahakama ya watu wazima, majina yao yakaruhusiwa kutangazwa baada ya kutiwa hatiani, na hasira ya umma ikachangia mazingira ambamo sheria ya mwaka 1998 iliondoa dhana iliyokuwa ikiwalinda watoto wa miaka 10 hadi 14 nchini Uingereza hadi upande wa mashtaka uthibitishe kwamba walijua ubaya wa walichokifanya. Mwaka 1999 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba kesi ile haikuwa ya haki. Mwaka mmoja baada ya tukio la Liverpool, mjini Trondheim nchini Norway, mtoto wa miaka mitano alikufa baada ya kupigwa na wavulana wadogo wa rika lake, na huko majina ya wavulana hayakutangazwa na suala zima likaachwa mikononi mwa ustawi wa jamii. Wavulana wa Norway walikuwa wadogo zaidi, na mwezeshaji alilitaja hilo bila kulificha, jambo lililoniongezea imani naye. Lililonisikitisha ni kwamba Kenya haikutajwa kabisa, ingawa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ilipandisha umri wa kuwajibika kijinai kutoka miaka 8 hadi 12, na watetezi walioshiriki safari ya kuyapata mabadiliko hayo wangeweza kualikwa kwa gharama ya tiketi ya basi.

Baada ya hapo mafunzo yanapoteza mwelekeo. Sehemu ndefu iliyofuata ilihusu kulinda sifa ya asasi: jinsi ya kujitenga na kijana wa zamani wa mradi anapokamatwa tena, jinsi ya kumtuliza mfadhili, jinsi ya kufuatilia asasi inavyosemwa mitandaoni. Ninaelewa kwamba asasi isiyo na fedha haimtetei yeyote, lakini kijana aliyekamatwa tena ndiye hasa anayehitaji msemaji, na kumkana hadharani ili kumridhisha mfadhili ni kuukubali mtazamo uleule tunaoupinga. Nililisema hili darasani na nikajibiwa kwa adabu kwamba muda umekwisha.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kitini kinapendekeza kila asasi iwe na ushuhuda wa video wa vijana waliopitia mahabusu za watoto, tayari kurushwa pindi taharuki inapozuka. Silikubali pendekezo hili hata kidogo. Mtoto aliyeridhia kurekodiwa katika siku ya utulivu hakuridhia sura yake irushwe siku ambayo mtaa mzima unatafuta wa kumpiga, na picha ikishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hakuna ofisi inayoweza kuirudisha. Kitini hakikugusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, wala Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo huadhibu usambazaji wa taarifa za uongo na ambayo msemaji anayeharakisha taarifa usiku anapaswa kuijua vyema.

Aidha, violezo vyote vimeandikwa kwa ajili ya magazeti na mkutano na wanahabari, ilhali taharuki za mitaani husafiri kwa ujumbe wa sauti na kupozwa, zinapopozwa, na mwenyekiti wa serikali ya mtaa, imamu, mchungaji au askari wa Dawati la Jinsia na Watoto anayefahamika eneo hilo. Kuwajenga watu hao kunahitaji miezi ya kutembeleana kabla ya tukio, na mafunzo hayakutenga hata kipindi kimoja kwa kazi hiyo.

Ukumbi, chakula na utunzaji wa muda vilikuwa vizuri. Ada ni kubwa kwa asasi ndogo za mikoani, na punguzo hutolewa kwa anayeliomba kwa barua.

Ninayapendekeza kwa wasemaji na mawakili, kwa sharti kwamba asasi iulize kabla ya kulipa kama pendekezo la video limeondolewa, na impeleke pamoja na msemaji wake afisa ustawi wa jamii anayeshughulikia kesi, kwani yeye ndiye atakayejua usiku huo ni taarifa ipi haipaswi kutoka kabisa.