Kiuno changu na dirisha la daktari

Mimi nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Kunuka nanuka, sikatai, ndio mtaji wenyewe.

Siku hiyo nimeinama kuinua gunia, kiuno kikakamata. Kunyooka siwezi, kukaa siwezi. Wakanipakia kwenye bajaji nimepinda vilevile hadi kliniki moja ya binafsi, jina naliacha.

Daktari mwenyewe kijana, sawa na kitinda mimba wangu. Shikamoo hakunipa. Alichofanya alinyanyuka, akafungua dirisha. Dirisha lenyewe linakwaruza, watu wote kwenye benchi wakageuka kunitazama. Ndipo akaketi: "Kapige picha."

Hajanigusa! Hajauliza kama miguu inakufa ganzi, kama mkojo unanitoka bila kujijua, kama nina homa au nimekonda. Kumbe hayo ndiyo ya kuuliza kwanza, picha inafuata ukiwa nayo. Nikalipa, nikapiga. Akaichungulia: "Mama, pingili zimelika, uzee huo. Kalale wiki mbili." Na dagaa auze nani, yeye? Nililala siku tatu tu, nikaamka mgumu kama ubao.

Nikarudi kugomba. Mapokezi, labda ili ninyamaze, wakanisukumia chumba cha nyuma kwa binti wa mazoezi tiba. "Shikamoo mama, pole na mgongo." Jamani! Akanibonyezabonyeza, akaniinua mguu mmojammoja, maswali yote akauliza. Akasema pingili kulika kwa umri wangu ni kawaida, hata wasioumwa wanazo hivyo. Maumivu ya namna hii mara nyingi yanatulia ndani ya wiki chache, ila nisilale, nitembee hata kama panauma kidogo. Na gunia niligawe, nisilinyanyue zima.

Basi kila alfajiri natembea hadi viwanja vya Furahisha na kurudi. Kiuno kimelegea, siwezi kusema uongo.

Nilitaka kuandika msiende pale. Sasa nikisema msiende, binti yule mtampata wapi? Nendeni. Nyota nne. Hapana, nikikumbuka lile dirisha, mbili. Na hela ya picha irudi.

Wiki hii nina zamu kwake tena. Nitambebea dagaa wakavu, mfuko mzima, ila nitautua kwanza kwenye benchi, pale mlangoni kwa daktari.