Kozi ya mtandaoni ya mbinu za usimulizi: somo la taharuki ni moto, somo la kinaya warekebishe

Nimemaliza juzi, masomo 12, na jina la kozi silitaji maana kuna sehemu nitalalamika. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Mi tashbihi na sitiari nilizisoma shule kama wengi wetu, unakariri jina, unakariri na mfano mmoja, mtihani ukiisha na vyenyewe vimeisha. Hawa wanaenda tofauti kabisa, wanakupa aya fupi alafu wanakwambia toa tamathali zote za semi zilizomo uisome tena. Kuna aya ya mama anamngoja mwanae usiku, mwandishi kaandika nyumba nzima ilikuwa imebana pumzi. Nikaitoa hiyo tashihisi, yani kukipa kitu tabia za mtu, nikaweka "nyumba ilikuwa kimya", habari ni ileile lakini woga wote umeondoka, kumbe woga ulikuwa wa mama, mwandishi kauhamishia kwenye kuta bila kusema popote kwamba mama anaogopa. Hapo ndo nilielewa tashihisi inafanya kazi gani, sio kupamba tu.

Sasa somo la 5, taharuki, ile hali ya msomaji kungoja kwa wasiwasi kitakachotokea. Nilikuwa naamini taharuki ni kumficha msomaji, kumbe ukimficha kila kitu hana cha kuogopa! Zoezi lao ni hili: mtu karudi nyumbani kachoka, anakaa kitandani, anafungua kamba za viatu taratibu moja moja. Inaboa. Alafu unaongeza sentensi moja tu mwanzoni kwamba mchana nyoka aliingia chini ya kile kitanda, na zile kamba zilizokuwa zinaboa sasa kila inayofunguliwa unataka umpigie kelele jamaa anyanyue miguu. Maneno hayajabadilika hata moja, kilichobadilika ni wewe unajua na yeye hajui. Nimelirudia hilo somo mara tatu jamani.

Msuko, yani mpangilio wa matukio, wameufundisha vizuri pia. Wanaeleza ile piramidi ya hatua tano ya mwandishi Mjerumani Gustav Freytag ya mwaka 1863, matukio yanapanda hadi kileleni alafu yanashuka, na wanakwambia wazi kwamba aliichora kwa ajili ya tamthilia, kwa iyo usiilazimishe kwenye kila hadithi fupi. Wahusika bapa (wa sifa moja tu) na wahusika duara (wenye sura nyingi, wanaoweza kukushangaza) wametoa kwa mwandishi Mwingereza E. M. Forster, mihadhara yake ya 1927, na walivyoeleza ni poa, mhusika bapa sio kosa, kosa ni kumbebesha hadithi nzima wakati hawezi kukushangaza. Mandhari wamepita haraka mno, dakika kumi tu.

Lalamiko langu ni somo la 9, kinaya. Mfano wao eti mtu kasahau mwavuli na mvua ikanyesha. Hiyo ni bahati mbaya tu, kinaya kiko wapi? Kinaya cha hali kinataka tendo lizae kinyume cha lilivyokusudiwa, yani mtu anahama mji kumkimbia adui wake, anapanga nyumba, asubuhi anafungua dirisha jirani ni yuleyule adui, na asingehama wasingekutana. Alafu wamechanganya na kejeli ambayo ni dhihaka ya kumlenga mtu, na kwenye jaribio ukitenganisha hivyo viwili unakoseshwa. Niliwaandikia, nikajibiwa asante kwa maoni. Kilichoniuma zaidi ni kwamba yule nyoka wa somo la 5 ndo kinaya chenyewe, kile cha kwenye tamthilia, msomaji anajua na mhusika hajui, wamekifundisha vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumsikiliza alafu masomo manne mbele wameshindwa kukitambua.

Kwa anayeandika hadithi ichukue, usisite. Anayejiandaa na mtihani wa fasihi, somo la 9 liruke, majibu yake yatakukosesha maksi. Na zile aya za mazoezi zihifadhi, mi naanza leo kutoa tamathali kwenye hadithi yangu mwenyewe, ya kwanza tu nimeitoa na hakuna kilichopungua, nimeifuta.