Lenzi za skilera kwa wenye keratokonasi: huduma niliyoipata Kisumu

Keratokonasi ni ugonjwa unaoifanya konea, yaani kioo cha mbele ya jicho, kuwa nyembamba na kuchomoza mfano wa pia, hata miwani ikafika mahali ikashindwa kumsaidia mgonjwa. Aghalabu huanza katika umri wa kubaleghe, na huhusishwa na mazoea ya kufikicha macho yanayowasha, mazoea ambayo sisi walimu huyaona darasani mara kwa mara. Nimeugua tangu nikiwa mwanafunzi, na sasa ninavaa lenzi za skilera, yaani lenzi pana zinazovaliwa juu ya jicho lenyewe, nilizopimiwa katika kliniki moja ya macho katikati ya mji wa Kisumu.

Lenzi ngumu ya kawaida, yenye kipenyo cha takriban milimita 9 au 10, huikalia konea yenyewe, na ikiwa konea imechomoza sana, lenzi hiyo huweza kukisugua kilele chake au kuchomoka. Lenzi ya skilera ni pana zaidi, kwa kawaida milimita 15 hadi 20. Huegemea weupe wa jicho na kuivuka konea bila kuigusa, na nafasi inayobaki hujazwa maji safi ya chumvi, ambayo hufukia mabonde ya konea ili mwanga uingie kupitia uso ulio laini. Wazo hili ni la kale, kwani Adolf Eugen Fick alieleza lenzi za kioo za namna hiyo mwaka wa 1888, ila za leo hupitisha oksijeni.

Sifa kubwa ya kliniki hii ni subira katika upimaji. Umbo la konea lilichorwa kwa mashine, nikavishwa lenzi ya majaribio na kuketi kwa muda mrefu ili itulie, kisha mtaalamu akatumia rangi ya fluoresini na darubini ya macho kuhakikisha kwamba maji yametanda pasipo lenzi kugusa konea. Lenzi iliyoniwezesha kusoma mistari ya chini kabisa ya chati aliikataa, kwa kuwa ukingo wake ulibana mishipa midogo ya damu, akaagiza nyingine yenye ukingo ulioinuliwa. Anayejali mauzo tu angeniacha niende nayo. Alisisitiza pia nionwe kwanza na daktari wa macho, kwa sababu lenzi hurekebisha uoni tu wala haizuii ugonjwa kuendelea. Kazi ya kuuzuia hufanywa na tiba ya riboflavini (vitamini B2) na miale ya urujuanimno.

Matokeo yamenifurahisha mno. Usiku katika barabara ya Kakamega, taa za magari zilizokuwa zikitawanyika na kuzaana sasa ni taa mbilimbili, na insha za wanafunzi ninazisahihisha bila kuzikaribisha puani.

Nina malalamiko pia. Mafunzo ya kuvaa yalikuwa ya harakaharaka mno, ilhali lenzi lazima ijazwe maji hadi ukingoni na uso uinamishwe kabisa, la sivyo kiputo cha hewa hubaki ndani na kuharibu uoni. Alasiri maji hayo huweza kuingia ukungu, nami hulazimika kuitoa lenzi na kuijaza upya. Maji ya chumvi yasiyo na vihifadhi ni adimu, na katika duka moja la dawa nilishauriwa kutumia maji ya mfereji yaliyochemshwa. Ushauri huo ni wa hatari: lenzi haipaswi kuguswa na maji ya mfereji, ya kisima wala ya ziwa, kwa kuwa humo huweza kuishi akantamiba, kimelea kinachoweza kumpofusha mtu.

Bei ni mara kadhaa ya ile ya miwani, na bima yangu ilikataa kuilipa. Hata hivyo, ninaipendekeza huduma hii kwa yeyote ambaye miwani haimfai tena. Kabla ya kutoa malipo, aulize iwapo bei inajumuisha ziara za marejeo na lenzi ya pili endapo ya kwanza haitakaa sawa, kisha aombe majibu hayo kwa maandishi.